Mapambo ya Krismasi na Mbwa: Madai Manane Yasiyo na Mashiko

Wiki ya pili ya Desemba ikifika, vibanda vya Kariakoo hujaa nyuzi za kumeta, miti ya plastiki iliyokunjwa kwenye maboksi na taa ndogo zinazouzwa kwa mafungu. Muda si mrefu vitu hivyo huwa vimeshafika sebuleni Tabata, Njiro au Kasarani, na mbwa wa nyumbani anavizunguka akivinusa kimoja kimoja. Hapo ndipo ushauri unapoanza. Jirani ana lake, shemeji ana lake, na kijana aliyekuja kufunga taa naye ana lake.

Sehemu kubwa ya ushauri huo ina kasoro. Ama unatutisha kwa kitu kisicho tishio, ama unatutuliza juu ya kitu kinachoua. Kasoro zote mbili zina chanzo kimoja: tunayapima mapambo kwa macho yetu, ilhali mbwa anayapima kwa pua na meno. Kinachotuvutia sisi kwa kung'aa, yeye hana habari nacho mpaka kinuke nyama, kinuke utamu, au kianze kutikisika sakafuni. Yafuatayo ni madai manane yanayorudi kila mwaka, na majibu yake.

Dai la 1: "Yale maua mekundu ya Krismasi ni sumu, yanaua mbwa."

Hili ndilo dai maarufu kuliko yote, na ndilo lenye ukweli mdogo kuliko yote. Ua linalozungumzwa ni poinsetia, lile ambalo majani yake ya juu hugeuka mekundu. Asili yake ni Mexico, na jina limetokana na Joel Poinsett, mwanadiplomasia wa Marekani aliyelipeleka kwao miaka ya 1820. Sifa yake ya kuua hurejeshwa hadi mwaka 1919, iliposimuliwa kwamba mtoto mmoja huko Hawaii alikufa baada ya kutafuna jani lake. Habari hiyo haikuthibitishwa, lakini imeishi miaka zaidi ya mia moja.

Linalotokea kweli ni dogo. Utomvu wake mweupe unawasha. Mbwa aliyetafuna jani atadondosha udenda, atajilamba midomo, pengine atatapika mara moja au mbili, kisha basi. Msuuze mdomo, mwekee maji safi, mwangalie.

Ubaya wa dai hili ni kwamba linamaliza hofu yetu yote mahali pasipostahili. Mwenye nyumba anaondoa chungu cha poinsetia barazani, halafu anapamba mlango kwa majani ya mtapo, ule mti mfupi wenye majani magumu ya kuchoma unaopandwa bustanini na ambao majani yake hupendwa sana kwenye harusi na makanisani. Mtapo una sumu kila sehemu, na mbegu zake ndizo mbaya zaidi. Sumu hiyo inashambulia ini, na mbegu moja au mbili zinaweza kumuua mbwa. Mbegu za mbarika, unaoota hadi kwenye mitaro ya mtaani, nazo zina sumu kali. Zipo pia zile mbegu ndogo nyekundu zenye doa jeusi zinazotungwa shanga na kutundikwa kama mapambo ya asili. Zikimezwa nzima, ganda lake gumu huweza kuzipitisha bila madhara, lakini mbwa hutafuna, na zikitafunwa ni hatari kubwa. Hata uzio wa minyaa, ambao ni wa jamii moja na poinsetia, una utomvu mkali kuliko wa ua hilo. Ukimwingia mbwa machoni, anaweza kupofuka kwa muda.

Kwa hiyo poinsetia liache lilipo, ila liweke juu kidogo. Hofu yako ipeleke kwenye mtapo.

Dai la 2: "Mbwa wa kienyeji ni mgumu, na mbwa kwa akili yake hali kitu kibaya."

Watu husema mbwa hafi maji akiona ufuko. Methali ni nzuri, ila inamhusu mbwa anayeuona ufuko. Aliyemeza utepe wenye harufu ya nyama hauoni.

Mbwa ameishi na binadamu maelfu ya miaka akila makombo na mabaki. Maisha hayo yamempa tabia ya kumeza kwanza na kuchunguza baadaye, kwa sababu anayechunguza hunyang'anywa. Pua yake inamwambia kwamba kitu kinanukia mafuta, lakini haimwambii kwamba ndani yake mna kijiti. Ana uwezo wa kutapika kwa urahisi, na hilo humwokoa mara nyingi. Humwokoa na mzoga uliooza. Mbele ya sumu iliyokwisha kuingia kwenye damu, halimsaidii kitu.

Ugumu wa mbwa wa kienyeji nao unahesabiwa kwa upande mmoja tu. Tunawakumbuka walioishi miaka kumi wakila kila kitu. Waliokufa ghafla kati ya Krismasi na Mwaka Mpya hawafanyiwi uchunguzi. Wanazikwa nyuma ya nyumba, na maelezo huwa tayari: amewekewa sumu na jirani, au ameumwa na nyoka. Huenda ni kweli. Lakini ni wangapi kati yao waliokuwa na utepe tumboni, hakuna aliyefungua kuona.

Dai la 3: "Nyuzi za kumeta ni plastiki tu, zitatoka na choo."

Kipande kifupi kinaweza kutoka. Uzi mrefu ni jambo jingine, na inafaa kueleza kwa nini, maana hapa ndipo watu wengi hukosea kwa nia njema.

Utumbo husukuma chakula kwa mawimbi ya misuli, kutoka tumboni kwenda nyuma. Uzi mrefu ukimezwa, mara nyingi ncha moja hunasa pale tumbo linapofunguka kuingia kwenye utumbo mwembamba, hasa ikiwa imejisokota bonge. Ncha nyingine inaendelea kuteremka. Utumbo unajaribu kuusukuma uzi, uzi hausogei, kwa hiyo utumbo ndio unaopanda juu ya uzi na kujikunja mikunjo mikunjo, kama kiuno cha kaptura ya kamba kinavyojikusanya ukivuta kamba. Kila wimbi linapopita, uzi uliokazwa unakwaruza ukuta wa ndani mahali palepale. Baada ya siku moja, mbili au tatu, unaweza kukata na kutoboa. Uchafu wa utumbo unamwagika ndani ya tumbo, na hapo hata upasuaji huwa ni bahati nasibu.

Mbwa mwenye tatizo hili haonekani kama aliyekula sumu. Anatapika leo, anakataa chakula kesho, anakunja mgongo, analala akiwa ameinua makalio na kushusha kifua, ukimgusa tumbo anakaza au anaguna. Wengi husema ana minyoo, wanampa dawa ya minyoo, na siku mbili za thamani zinapotea.

Jambo moja la kukariri: ukiona uzi unaning'inia mdomoni au nyuma ya mbwa, usiuvute. Hujui ncha ya pili imenasa wapi, na kuvuta kunaweza kuukata utumbo ulio kwenye mikunjo. Uache ulivyo, mzuie asiutafune, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Yote haya yanahusu pia riboni za zawadi, kamba za maputo, uzi wa kushonea nyama na neti za plastiki zinazofungiwa vitunguu. Maputo yenyewe yakipasuka, vipande vyake hushika kooni. Mipira ya kung'aa iliyotengenezwa kwa kioo chembamba huvunjika mdomoni, na vile vindoano vya waya vya kuitundikia hunasa kwenye ulimi. Mti ukiwa mfupi, mapambo ya namna hiyo yawe nusu ya juu tu. Chini weka vitu vya kitambaa kikubwa, mbao au makuti yaliyosukwa, visivyomezeka kwa mkupuo mmoja.

Dai la 4: "Taa za siku hizi ni za LED, umeme wake ni mdogo."

Chukua fungu moja la taa hizo za bei rahisi ulitazame kwa karibu. Waya ni mwembamba kuliko wa chaja ya simu. Karibu na plagi kuna kiboksi kidogo chenye kitufe cha kubadilisha mtindo wa kumweka. Plagi yenyewe ina miguu miwili, na kwa kuwa soketi zetu ni za matundu matatu, mtu anachomeka kalamu kwenye tundu la juu ili mengine mawili yafunguke.

Katika taa nyingi za aina hiyo, kile kiboksi hakipunguzi umeme. Kinauwasha na kuuzima kwa mpangilio tu. Taa moja moja inatumia umeme kidogo kweli, kwa sababu zimeunganishwa mfululizo na zinagawana volti. Lakini waya unaopita sakafuni umeunganishwa moja kwa moja na umeme wa ukutani, volti 230 Tanzania na 240 Kenya. Mbwa haumi taa, anauma waya.

Namna ya kutofautisha ni kuangalia plagi. Ikiwa ni adapta nene iliyoandikwa kwamba inatoa volti 24 au 31, waya unaofuata ni salama zaidi. Ikiwa ni plagi bapa na waya, uhesabu kuwa ni waya wa umeme wa nyumba.

Mbwa mchanga anayeota meno ndiye anayeathirika zaidi, kwa kuwa hutafuna chochote. Akiuma waya huo, misuli ya taya inaweza kukaza asiweze kuachia. Ulimi na pembe za mdomo huungua. Moyo unaweza kusimama papo hapo. Lakini hata akiinuka na kutembea, habari haijaisha: mapafu yanaweza kuanza kujaa maji saa kadhaa baadaye, na mbwa aliyeonekana mzima saa kumi jioni akawa anahema kwa shida usiku. Ndiyo maana aliyepigwa na umeme anapelekwa kwa daktari hata kama anatikisa mkia.

Kabla ya kumgusa, zima swichi ya soketi. Kama huifikii, zima meinswichi. Ukimshika akiwa bado kwenye umeme, mtakuwa wagonjwa wawili. Na taa zisibaki zinawaka mkienda ibada ya usiku wa mkesha. Zizime na uzichomoe.

Taa za betri na kadi zinazoimba zina hatari yake. Betri bapa za duara ni ndogo, laini na rahisi kumeza. Ikinasa kooni, inaanza kuunguza nyama ndani ya muda usiozidi saa moja. Nunua zile ambazo kifuniko cha betri kinafungwa kwa skrubu. Na umeme ukikatika, mshumaa usikae kwenye stuli. Mkia wa mbwa mkubwa upo kimo hichohicho.

Dai la 5: "Chokoleti kidogo haidhuru, na zawadi tumezifunga vizuri."

Nusu ya kwanza ya dai ina ukweli, kwa hiyo tuihesabu badala ya kuikataa. Kinachomdhuru mbwa kwenye chokoleti ni theobromini. Sisi mwili wetu huivunja upesi, wa mbwa huivunja polepole, hivyo inakaa kwenye damu na kuuchosha moyo na mishipa ya fahamu. Dalili nyepesi, yaani kutapika, kuharisha na kutotulia, huanza kwenye miligramu 20 hivi kwa kila kilo ya uzito wa mbwa. Moyo huanza kwenda ovyo kuanzia 40, na degedege huanza kwenye 60.

Chokoleti ya maziwa ina takriban miligramu 2 za theobromini kwa gramu. Mbwa wa kilo 20 aliyekula kipande cha gramu 100 amepata miligramu 10 kwa kilo. Huyo mwangalie tu. Mbwa wa kilo 5 aliyekula kipande hichohicho amepata 40. Huyo ni mgonjwa. Chokoleti nyeusi ina mara mbili au tatu ya hiyo. Na unga wa kakao, ule unaotumika kupikia keki, unaweza kufika miligramu 25 kwa gramu. Gramu 50 za unga huo ni miligramu 1,250, na kwa mbwa wa kilo 15 hizo ni 83 kwa kila kilo. "Kidogo" ni neno lisilo na maana mpaka useme chokoleti gani na mbwa wa kilo ngapi.

Nusu ya pili ya dai, ile ya kufunga, haina hesabu ya kuitetea. Karatasi ya zawadi inamfichia mtoto kilichomo. Mbwa anajua tangu boksi lilipovuka mlango. Kisicho salama wazi sakafuni hakiwi salama kikiwa kwenye karatasi chini ya mti.

Na chokoleti si peke yake. Keki ya matunda ina zabibu kavu, na zabibu, mbichi au kavu, zinaweza kuharibu figo za mbwa. Mmoja anakula nyingi asiumwe, mwingine anakula chache figo zinagoma. Mwaka 2021 madaktari wa kituo cha sumu za wanyama cha shirika la ASPCA nchini Marekani walieleza kwamba kinachoshukiwa ni asidi ya tartariki, ambayo kiwango chake hubadilika kutoka zabibu hadi zabibu. Kwa hiyo hakuna idadi unayoweza kuiita salama. Chingamu na peremende zisizo na sukari nazo zisome pakiti: zikiwa na kitamu cha zailitoli (xylitol), gramu 1 inatosha kumshusha sukari mbwa wa kilo 10, pengine ndani ya nusu saa, na kiasi kikubwa zaidi kinaua ini. Mapambo ya unga na chumvi ambayo watoto hufinyanga shuleni yana chumvi ya kutosha kumlaza mbwa mdogo. Hayo yote yatundikwe juu, au yasitundikwe.

Dai la 6: "Wetu analala nje, mapambo yapo ndani."

Siku za kawaida huo ni utaratibu mzuri. Siku ya sikukuu geti liko wazi, mlango uko wazi, wageni wanaingia na kutoka, na watoto wa ndugu wanamwita mbwa aje kupigwa picha. Isitoshe mapambo yenyewe yametoka nje: taa zimezungushwa barazani kwa eksitensheni iliyopitishwa dirishani, na maputo yamefungwa getini.

Zaidi ya hapo kuna jalala. Tarehe 26 asubuhi mfuko wa taka wa nyumba iliyosherehekea una kila kitu kilichotajwa juu, na sasa vyote vimelowa mchuzi: riboni, karatasi ya foili iliyochomewa samaki, neti za vitunguu, mifupa ya kuku iliyopikwa inayopasuka vipande vikali, na vijiti vya mishikaki. Kijiti cha mshikaki nisingemwacha mbwa akione. Kimefyonza mafuta ya nyama kutoka ncha hadi ncha, kinamezwa kizima, na kikiwa tumboni kinaweza kutoboa na kutokea upande wa pili. Vunja vijiti vyote, vitie kwenye kopo lenye mfuniko, kopo liingie kwenye pipa linalofungwa. Mfuko wa plastiki uliofungwa fundo na kuwekwa kando ya geti si ulinzi.

Dai la 7: "Akila kitu kibaya, mpe maziwa. Au maji ya chumvi atapike."

Maziwa hayaui sumu. Mbwa wengi wakubwa hata hawayayeyushi vizuri tumboni, kwa hiyo unamwongezea kuharisha juu ya shida aliyo nayo. Mafuta ya kula yanayomiminwa kwa nguvu yanaweza kuteremkia kwenye mapafu. Mkaa uliosagwa kutoka jikoni si dawa ile ya mkaa ambayo daktari huwa nayo. Ile imetengenezwa kwa namna ya pekee ili inase sumu.

Chumvi ndiyo mbaya kuliko zote. Dalili za sumu ya chumvi kwa mbwa huanza kwenye gramu 2 hadi 3 kwa kilo ya uzito. Kijiko kikubwa kimoja ni gramu 15 au zaidi, na kwa mbwa wa kilo 5 hizo ni gramu 3 kwa kilo. Asipotapika, umempa sumu ya pili. Ubongo unavimba au kusinyaa kwa kuvurugika kwa maji mwilini, na degedege linafuata.

Tena kuna vitu ambavyo havitakiwi kutapishwa kabisa. Kioo, ndoano na vijiti vilivyoshuka bila kukata vinaweza kukata vikirudi. Betri iliyotafunwa na dawa kali za usafi huunguza koo mara ya pili, na mafuta ya taa huweza kuingia kwenye mapafu. Na mbwa aliyelegea au anayetetemeka akitapishwa huvuta matapishi kwenye mapafu. Daktari ana sindano ya kutapisha ambayo ni salama kuliko chochote cha jikoni, na kwa vitu vingi inafaa ikiwa saa mbili hazijapita. Saa hizo ndizo hupotea tukisubiri maziwa yafanye kazi.

La kufanya ni kumwondoa mbwa pale alipo, kumtoa mdomoni kile kinachoonekana na kisichonasa, kuchukua pakiti au kipande kilichobaki, na kupiga simu. Daktari atauliza mambo manne: amekula nini, kiasi gani, saa ngapi, na ana kilo ngapi. Kilo ni rahisi: simama kwenye mzani umembeba, kisha simama peke yako, toa. Afadhali ujue mapema kuliko kukisia usiku.

Dai la 8: "Basi dawa ni moja, mfunge mnyororo mpaka sikukuu ziishe."

Hili ndilo jibu la aliyechoka kusikiliza madai saba yaliyotangulia, na linaleta matatizo mapya. Desemba Dar es Salaam ni joto kali. Mbwa aliyefungwa pasipo kivuli, ambaye bakuli lake la maji limepinduliwa na mtoto mgeni saa nne asubuhi, anaweza kufa kwa joto kabla pilau halijaiva. Usiku wa Mwaka Mpya zinapolipuka fataki, mbwa wa mnyororoni hana pa kukimbilia. Anaruka, anajizungusha, wapo wanaonyongwa na mnyororo juu ya uzio. Aliyekata mnyororo anaingia barabarani.

Linalofaa ni kumtenga kwa saa chache mahali anapopajua, si kumfunga kwa wiki mbili. Wakati wa kufunga na kufungua zawadi, wakati wa kula, na wakati wa fataki, awe kwenye banda lake au chumba chenye maji, kitambaa anacholalia na mlango unaofungwa. Saa nyingine zote awe huru, kwa sababu nyumba imepangwa ikimfikiria. Mti umefungwa ukutani kwa kamba usiangushwe. Waya umepita nyuma ya kabati. Chini ya mti hakuna kinacholiwa. Wageni wameambiwa wakifika kwamba mbwa halishwi mezani, na watoto wamepewa kitu cha kumpa ambacho umekichagua wewe: kipande cha karoti au cha nyama iliyochemshwa bila kitunguu wala kitunguu saumu.

Na wanaosafiri wakumbuke kwamba anayebaki na mbwa hajui wanachokijua wao. Familia nyingi hufunga nyumba mjini katikati ya Desemba na kupanda Moshi, mbwa anabaki na mlinzi au dada wa kazi. Mwachie maelekezo mafupi, namba ya daktari wa mifugo, namba ya pili kama ya kwanza haipatikani, na pesa ya kuanzia matibabu, ili asilazimike kukutafuta kwenye simu isiyo na mtandao kabla ya kuamua. Daktari mwenyewe mpigie kabla ya tarehe 24 umuulize kama atakuwepo tarehe 25 na 26. Naye ana kwao.

Kipimo cha kutumia ni kimo cha mdomo. Mbwa akisimama kwa miguu minne anafikia goti lako, akisimama kwa miwili anafikia kifua. Kila kilicho chini ya kifua kiulize swali moja: kikimezwa, itakuwaje? Kuupandisha uzi wa kumeta msumari mmoja juu hakugharimu kitu. Upasuaji wa utumbo una gharama, na usiku wa Krismasi si rahisi kumpata wa kuufanya.